Kabla hujasema "ukateni"

Simu inatoka nyumbani Nyansiongo. Wewe uko zako Nairobi, kodi imekukaba. Unaambiwa mnunuzi wa mbao amepatikana, anautaka ule mti mkubwa wa babu. Wanangoja neno lako tu. Nawe unajibu haraka: "Ukateni, nitumieni changu kwa M-Pesa."

Hebu tulia kidogo.

Wengi wetu tunaamini mti ulio shambani ni wa mwenye shamba, basi. Si rahisi hivyo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yako, lakini cha 66 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, hata yenye hatimiliki. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu miti ya mashambani zinamtaka mkulima awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba lake. Sheria ya misitu nayo inaruhusu mti kutangazwa kuwa unalindwa.

Shida ni kwamba asilimia inahesabu miti, haiujui mti. Mche wa juzi na mti alioukuta babu vinapimwa kwa kipimo kimoja.

Unakumbuka mugumo wa Waiyaki Way? Novemba 2020, ulikuwa kwenye njia ya barabara ya Expressway. Watu walipiga kelele, serikali ikaagiza uhifadhiwe. Poa sana. Lakini ule ulikuwa kando ya barabara kuu, kila mtu akiuona. Omotembe ulio nyuma ya boma lenu, wenye maua mekundu, ambao wazee wa Abagusii waliuheshimu, nani ataupigia kelele? Na huku Borabu, mashamba ya skimu za baada ya uhuru yanazidi kugawanywa kati ya ndugu. Mti unaosimama kwenye mpaka mpya ndio huanza kwenda.

Tusidanganyane: kivuli hakilipi karo. Kumwambia mama asikate mti halafu umwache na madeni ni uonevu. Ndiyo maana tunaitaka Kaunti ya Nyamira ifanye mambo mawili pamoja. Iandikishe miti ya urithi, wadi kwa wadi, wazee na vijana wakishiriki. Na anayeutunza mti huo shambani kwake alipwe kitu, kwa sababu faida yake ni yetu sote. Mti uliooza na kuinamia nyumba ukatwe, ila baada ya kukaguliwa, si kwa sababu mnunuzi ana haraka.

Wewe nawe usingoje kaunti. Simu ikija, uliza: ni mti gani, una umri gani, afisa wa misitu ameambiwa? Kama ni karo tu, changeni. Pesa ya mbao itaisha kabla ya muhula kufungwa. Mti kama huo, hata ukipanda mwingine leo, hutauona ukikomaa.