Onyo la Dawa ya Kifafa Lisemwe kwa Kiswahili

Dawa za kifafa zimewafaa wengi katika pwani ya Kilifi na Malindi. Hata hivyo, kwa wachache mno, dawa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hugeuka shubiri: ngozi hutoka malengelenge, ikabambuka kana kwamba imemwagiwa maji ya moto, na pengine mgonjwa akafa. Maradhi hayo huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa New York walioyaeleza mwaka wa 1922.

Kwa nini mmoja adhurike na mwenziwe asalimike? Sehemu ya jibu imo katika urithi. Mwaka wa 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima wagonjwa 44 waliodhuriwa hivyo na kabamazepini. Wote 44 walikuwa na jeni iitwayo HLA-B*15:02. Miongoni mwa 101 walioitumia dawa hiyo kwa salama, waliokuwa nayo ni 3 tu. Dawa hujishikiza kwenye protini inayotokana na jeni hiyo, kisha kinga ya mwili ikaishambulia ngozi kana kwamba ni adui. Mwaka wa 2007 Marekani ilishauri wagonjwa wenye asili ya Asia wapimwe kwanza.

Hizo ni habari njema, ila zisitupumbaze. Jeni hiyo ni adimu mno kwa Waafrika. Mgiriama asiyeonekana nayo hajawa salama kwa hilo tu, kwani zipo jeni nyingine, kama HLA-A*31:01 iliyohusishwa na madhara haya Ulaya na Japani mwaka wa 2011. Kituo cha utafiti cha KEMRI kilianzishwa Kilifi mwaka wa 1989, na kifafa kimekuwa miongoni mwa mambo kinayochunguza. Yafaa damu yetu nayo itafutiwe jibu lake.

Kwa sasa, kinga iliyo karibu ni maneno. Madhara haya aghalabu huzuka katika wiki 8 za kwanza za matibabu: homa, macho mekundu, vidonda vya mdomoni, kisha vipele. Mwalimu huweza kudhani ni surua. Nacho kikaratasi cha onyo kilichomo pakitini aghalabu huwa kwa Kiingereza. Onyo lisiloeleweka si onyo. Wenye mamlaka ya afya na walichapishe kwa Kiswahili, na mzazi amwarifu mwalimu mtoto aanzapo dawa. Dalili zikitokea, apelekwe hospitali siku iyo hiyo, kabla ya kumeza kidonge kingine.

Asiye na dalili asiiache dawa. Kifafa kisichotibiwa nacho huua, motoni na majini.