Ijumaa Jioni Si Siku ya Kutafuta Fundi

Ndugu zetu wa Lobule, wa Imvepi, wa Rhino Camp, na nyinyi wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa.

Tumechoka na neno moja: bahati mbaya. Lori likizima njiani, bahati mbaya. Pikipiki ikikata cheni, bahati mbaya. Mechi ikifutwa Jumamosi asubuhi wachezaji wameshavaa jezi, ati Mungu hakupanga. Mungu anasingiziwa mengi katika kambi zetu. Sisi tunasema hivi: gari lililokufa Jumamosi lilikuwa gonjwa tangu Jumatatu, watu walijua, wakanyamaza. Na sisi tulikuwa kati ya walionyamaza.

Wengi mnaikumbuka ile safari yetu ya Arua. Timu ya mpira na kikundi cha maigizo tutoke Lobule, tukutane Arua na vijana wa Rhino Camp, tulale usiku mmoja, Jumapili turudi. Mazoezi ya miezi miwili. Lori la kukodi lilipangwa kubeba spika, jenereta, viti, na watu juu yake. (Tunajua, lori la mizigo halikutengenezwa kubeba watu. Leteni basi, tutapanda basi.) Waliobaki wangepanda pikipiki tano za wenzetu wanaofanya boda Koboko mjini.

Lori lilifika Ijumaa saa kumi na mbili jioni, likitoa mvuke. Fundi wetu ni mzee aliyejifunza kazi Ariwara kabla wengine wetu hatujazaliwa. Aliinua kichwa cha lori, akamulika kwa tochi ya simu, hakuchukua hata dakika kumi. Paipu ya maji ya rejeta imepasuka, imefungwa kwa kipande cha tyubu. Mkanda wa feni umechanika pembeni, umebaki nyuzi. Kisha akamwambia dereva akanyage breki na sisi sote tunyamaze. Tukasikia upepo unatoka chini, fsss, na mshale wa upepo kwenye dashibodi unashuka.

Mzee akafuta mikono. "Wanangu, maji nitafunga. Mkanda wa namna hii Koboko hatuupati usiku huu. Breki mimi sizigusi gizani. Hili lori halitoki."

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hakuna mtu aliyemuuliza mzee, baba, unahitaji nini? Simu zilianza. Mwenye lori akasema gari liko sawa, jana tu limetoka safari. Ofisa wa mradi akasema picha za Jumamosi lazima ziwe kwenye ripoti, pesa ya shughuli ikilala itarudi. Na sisi viongozi wa vijana tukasema la kijinga kuliko yote: basi tuache lori, tupunguze watu, twende na pikipiki, abiria wawili wawili nyuma.

Pikipiki hizo nani alizikagua? Hakuna. Macho yote yalikuwa kwenye lori.

Jumamosi tulishaingia Maracha, kwenye mteremko, Boxer ya tatu ikatupa cheni. Asiyejua afahamu: cheni ikiruka wakati pikipiki inakimbia haianguki tu chini kama kamba. Inaweza kujisokota penye sproketi, gurudumu la nyuma linakwama palepale, na pikipiki inalala. Ndivyo ilivyokuwa. Dada yetu wa maigizo aliyekaa nyuma kabisa alivunjika mfupa wa bega. Mwendeshaji alichubuka mkono mzima, na ile pikipiki ni ya mkopo. Mpaka leo analipa kila wiki chombo kilichokaa miezi miwili bila kufanya kazi.

Tulipoiinua tuliiona cheni yenyewe: kavu, ina kutu, imelegea. Meno ya sproketi yamelika mpaka yamekuwa membamba kama ya msumeno. Meno hayaliki hivyo kwa siku moja. Mwenzetu akatuambia hapohapo, damu inatoka, "Wiki tatu nasikia inaruka." Wiki tatu! Na sisi tulikuwa tunapanda nyuma yake kila asubuhi, tunasikia ile ka-ka-ka, tunaongeza sauti ya redio.

Kwa nini hakubadilisha? Msikimbilie kusema mzembe. Tangu mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023, nyumba nyingi zinakula kwa pesa ya boda. Yeye ana watu sita nyumbani. Kati ya cheni na unga atanunua unga, na sisi tungenunua unga. Lakini siku ile hakuwa anabeba abiria wake wa Koboko. Alikuwa kwenye shughuli iliyokuwa na bajeti, na bajeti ile tuliiona. Mafuta yamo. Soda zimo. Fulana zenye nembo zimo, mpaka uchapaji wa bango umo. Fundi hayumo. Cheni haimo. Hata chupa moja ya oili haimo. Aliyeandika ile karatasi alidhani pikipiki ni punda, ukimpa majani anatembea.

Wenzetu wa mashirika, tunasema nanyi kwa heshima lakini tunasema. Kila asubuhi tunawaona madereva wenu getini. Dereva anafungua boneti ya Land Cruiser, anavuta kijiti cha oili, anaangalia maji, anazunguka matairi yote manne na la akiba, anaandika kwenye fomu, anasaini, ndipo anatoka. Ni kazi nzuri, tunawasifu. Ila fomu ile mbona inaishia getini? Mkikodi lori la kutubeba sisi, fomu inakwenda wapi? Nani alisaini kwamba breki za lile lori zinashika? Kama gari la kubeba ofisa mmoja linakaguliwa kila siku, lori la kubeba vijana arobaini halikaguliwi hata mara moja, basi mtuambie wazi bei ya ofisa na bei ya kijana.

Mmoja wenu alitujibu kwamba mafundi wamejaa Arua, tungetengeneza kulekule. Ndiyo, wamejaa, na ni wazuri. Lakini spea zinatoka wapi? Kitu kikikosekana Arua kinaagizwa Kampala, watu wanazunguka soko la Kisekka mpaka kipatikane, kisha kinapandishwa kwenye basi la usiku. Ni karibu kilomita 500, kupitia Karuma na Pakwach. Na mnakumbuka mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi na malori yakazungushwa mbali. Kwa hiyo fanyeni hesabu. Mkanda ukionekana mbovu Jumatano, Alhamisi unanunuliwa, Ijumaa asubuhi uko Arua, mchana uko Koboko. Ukionekana Ijumaa jioni, utafika safari imeshafutwa, au imeshaua mtu. Ugonjwa ni uleule na fundi ni yuleyule. Kilichobadilika ni siku.

Kuna jambo lingine. Mmetufundisha kushona, kuoka mandazi, kutengeneza sabuni. Ahsanteni. Lobule nzima sasa ina sabuni. Lakini uchumi wa vijana hapa unatembea kwa magurudumu mawili, na waliosoma ufundi wa pikipiki ni wachache, nao walipewa cheti bila boksi la spana. Tunamjua mmoja anaazima spana namba kumi na saba kwa mwenzake ili afungue gurudumu, kisha anairudisha mbio kabla hajagombezwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Tunaishukuru. Wapeni mafundi hawa vyombo, watafanya kazi, na sisi tutatembea.

Sasa turudi kwetu, maana kulaumu wenye ofisi ni rahisi na ni tamu.

Sisi vijana tunapenda pikipiki inayong'aa. Jumapili utamkuta mtu anaosha Boxer yake mtoni kwa sabuni ya kuogea, anabandika stika ya Arsenal, anafunga taa za rangi. Muulize lini alimwaga oili, anaangalia juu. Oili inakaa mle mpaka inakuwa nyeusi, nzito kama asali chafu, na injini ikianza kunoki anasema aliyemuuzia alimroga. Kuikagua pikipiki ni robo saa. Bonyeza cheni katikati: ikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, ikaze. Ukikuta sehemu imekaza na sehemu imelegea, imeisha, usijidanganye. Itie oili. Fungua chujio la hewa ukung'ute, maana vumbi la barabara za Lobule huku hata mapafu yetu yanalijua. Kanyaga breki, shika spoki moja moja, tazama kashata za tairi. Lori nalo lina yake: maji, oili, mkanda, nati za magurudumu, matangi ya upepo kumwagwa maji, kisha mtu mmoja akanyage breki na mwingine asikilize chini. Huhitaji cheti kusikia upepo unavuja.

Na wale waliojifunzia kuendesha Aru, Ariwara au Yei wakumbushwe bila kuwaonea haya: huko tulipita kulia, Uganda tunapita kushoto. Mtu akishtuka barabarani mkono unakwenda kule ulikozoea.

Tulinyamaza pia kwa woga. Tuliogopa tukisema lori ni bovu, shughuli itapewa kikundi kingine. Tuliogopa tutaitwa vijana wagumu. Dada yetu alikaa wiki nyingi mkono umefungwa shingoni, na jina zuri tulilokuwa tunalilinda halikumsaidia hata kufua nguo.

Kuna safari nyingine imepangwa, Jumamosi ya wiki ijayo, Arua tena. Barua tumeshaipeleka ofisini. Tumeandika kwamba lori lije Jumatano saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa steji, pamoja na pikipiki zote zitakazokwenda. Mzee fundi atakuwepo na atalipwa siku hiyohiyo. Tumeomba pesa ya mabango ihamie kwake na kwenye spea, bango la mwaka jana bado linasomeka. Atakachokataa mzee hakitoki, hata kama picha hazitapigwa. Dada yetu amekubali kukaa pale na daftari, ndiye atakayeandika.

Jibu la ofisi bado. Lori lisipoonekana Jumatano, hatupandi.