RADA HAIONI TONADO

Miongoni mwa barua zinazoletwa katika ukurasa huu, zile zinazohusu utabiri wa hali ya hewa huwa na lawama moja: kwamba wataalamu hutisha watu bure. Msomaji mmoja ameuliza, ikiwa Marekani yenye rada za hali ya hewa zipatazo 160 bado inazika watu kwa sababu ya tonado, mitambo hiyo ina faida gani? Swali hilo ni la haki. Tena linatuhusu, maana rada za namna hiyo zipo sasa hata hapa Tanzania, Dar es Salaam na Mwanza zikiwamo.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Tonado si kimbunga cha baharini kama Idai, kilichoipiga Beira mwezi Machi, 2019. Kimbunga cha baharini huenea mamia ya kilometa na setilaiti hukiona siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado ina umbo la kisulisuli, lakini huning'inia kutoka katika wingu kubwa la radi. Mara nyingi upana wake haufiki hata kilometa moja, na huweza kuzaliwa, kuua na kutoweka katika muda wa dakika chache.

Rada hupeleka mawimbi angani, nayo hurudi baada ya kugonga matone ya mvua. Mwaka 1953, huko Illinois, mtambo uliokuwa ukitumika kupimia mvua ulionyesha pembeni mwa wingu la dhoruba umbo lililopinda kama ndoana, na chini yake palikuwa na tonado. Wataalamu wakajua kwamba mvua ile ilikuwa ikivutwa kuuzunguka upepo. Hata hivyo, ndoana ni dalili tu. Dhoruba nyingine huwa nayo na zisilete kitu, nyingine huleta msiba bila kuionyesha.

Hatua kubwa ilikuja kwa rada ya Doppler. Mtu aliyesimama karibu na reli anajua kwamba honi ya treni inayokuja husikika nyembamba, na ikishapita huwa nzito. Mawimbi ya rada nayo hubadilika hivyo hivyo, kutegemea kama matone yanaijia rada au yanaikimbia. Basi mtaalamu akiona katika wingu moja, pale pale, upande huu matone yanakuja kwa kasi na upande wa pili yanakwenda kwa kasi, anajua kwamba wingu hilo linazunguka. Tarehe 24 Mei, 1973, tonado iliupiga mji wa Union City katika jimbo la Oklahoma huku rada ya watafiti ikiifuatilia. Walipozichambua kumbukumbu zake waligundua kwamba mzunguko ulikwisha kuonekana juu mawinguni kabla upepo haujagusa ardhi. Kutokana na kazi hiyo Marekani ilijenga mtandao wake katika miaka ya 1990.

Sasa tuseme lile ambalo wasifu wa mitambo hupenda kuliruka. Rada huona mzunguko wa wingu. Tonado yenyewe, kwa kawaida, haiioni. Mwali wake huinuka kadiri unavyokwenda mbali, na dunia nayo ni mviringo. Kwa hiyo katika umbali wa kilometa 100, hata mwali wa chini kabisa hupita karibu kilometa moja na nusu juu ya mapaa ya watu. Yanayotokea chini ya hapo hayaonekani. Rada za siku hizi zinaweza kutambua mabati na mbao zikiruka angani, lakini hapo nyumba zimekwisha kubomoka. Ndiyo maana Wamarekani, pamoja na utajiri wao wote, bado wanategemea raia wa kujitolea waliofunzwa kutazama mawingu na kupiga simu.

Mawingu mengi yanayozunguka hayazai tonado. Karibu tahadhari saba katika kila kumi zinazotolewa kule huishia bila tonado kuonekana. Mji wa Joplin, Missouri, ulilipia jambo hilo tarehe 22 Mei, 2011. Tahadhari ilitolewa dakika 17 kabla, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba wakazi wengi waliposikia king'ora cha kwanza hawakukimbilia mahali pa usalama. Walikuwa wamevizoea ving'ora, wakangoja uthibitisho mwingine. Watu zaidi ya 150 walikufa.

Wako wanaodai kwamba dawa yake ni kupunguza tahadhari. Hatukubaliani nao hata kidogo. Anayengoja mpaka awe na hakika, hakika yake ataipata kwa kuhesabu maiti. Wamarekani walifanya jambo la busara zaidi: kuanzia mwaka 2012, kwa majaribio katika Kansas na Missouri, tahadhari zikaanza kueleza kama hatari imeonyeshwa na rada tu au imeshuhudiwa kwa macho. Mwananchi anaambiwa lililopo, kisha anaamua akijua.

Hapa kwetu hatuna msimu wa tonado, lakini ugonjwa wa kutoamini tunao. Aprili, 2021, kimbunga Jobo kilififia kabla ya kuleta maafa, na wengine wakasema tulitishwa bure. Mei, 2024, Hidaya ilifika Mafia kweli. Matangazo yote mawili yalikuwa ya haki.

Tunaiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila inapotoa tahadhari, ieleze kwa Kiswahili chepesi ni kipi kimeonekana na ni kipi kinakadiriwa. Redio na magazeti, likiwamo hili, yatoe maelezo hayo kwa ukamilifu, bila kukata sehemu ya makadirio ili kichwa cha habari kipendeze.