Kununua Maji kwa Bei ya Moto

Wako watu wasemao kwamba tembe za kuni, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa, ni zile zile, na kwamba mnunuzi mwerevu huchagua gunia la bei ndogo. Nasema sivyo. Wazee walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na hapa walinena kweli tupu.

Tembe zenye unyevu hutumia joto lao kukausha maji yaliyomo ndani yake, na sufuria hungoja. Mnunuzi amelipia maji kwa bei ya moto, na mpishi humalizia deni kwa machozi ya moshi. Huko Ulaya, ambako tembe hizi hupasha nyumba joto, daraja la juu la ENplus haliruhusu unyevu uzidi asilimia 10, wala majivu yazidi asilimia 0.7.

Wataniambia kwamba maskini hana la kuchagua. Lakini ni nani asiyeweza kupoteza fedha kwa kununua maji, kama si maskini?

Basi, msomaji, kabla ya kuuliza bei, vunja tembe moja. Iliyo kavu hukatika kwa mlio, mbovu hufikichika. Tazama na vumbi chini ya gunia. Muuzaji akikukataza, shika njia uende zako.