Tusiwafunge Wazee Wetu Kitandani

Mama mzee akilalamika magoti, watoto wake humnyang'anya ndoo na jembe, wakamtandikia kitanda na kumwambia, "Pumzika, Bibi, kazi umezimaliza." Hufanya hivyo kwa upendo. Lakini sisi wauguzi tunasema wazi: upendo wa namna hiyo huwalemaza wazee.

Mwaka 2007 madaktari huko Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Wazee wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Je, mzee mgonjwa akilala mwezi mzima atasimama na nini? Misuli ikilegea, goti hukosa wa kulishikilia. Maumivu huzidi, naye huzidi kulala. Vidonge vya diklofenaki hutuliza kwa muda, lakini vikimezwa kila siku bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Tiba ya kwanza ya magoti yaliyochakaa ni mazoezi, na fiziotherapia ndiyo elimu yake. Mtaalamu humpima mzee na kumfundisha. Ninyi muendeleze nyumbani. Aketi kwenye kiti imara, anyoshe goti moja, ahesabu hadi 5, alishushe; mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha ajizoeze kusimama na kuketi, mtu akiwa karibu. Maumivu kidogo yasiwatishe. Yakidumu hadi kesho yake, punguzeni. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa mguu unaouma.

Lakini aliyeanguka akashindwa kusimama, mwenye goti lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa, au aliyelegea ghafla upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali mara moja.

Wengine husema nauli ya kwenda hospitali ni gharama. Ni kweli. Lakini mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni, na binti mmoja huacha shamba ili amtunze. Gharama hiyo ni kubwa zaidi.

Pale mlangoni pa hekalu Petro hakumwacha kiwete ameketi. Alimshika mkono akamwinua. Nasi tuwashike mkono wazee wetu: leo hadi mlangoni, kesho hadi uani, na Mungu akijalia, Jumapili moja hadi Misani.