Sheria Haichoti Maji

Mara nyingi tunasikia, hata kwa Wakristu wa Kasongo na Kabambare: "Kutunza wazee ni kazi ya Serikali. Sheria si imekwisha andikwa?" Ndiyo, imeandikwa, tena vizuri. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, yasema kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Kifungu cha 49 chawapa wazee haki ya kulindwa. Na Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yaamuru wazazi na watoto wao wasiachane katika njaa: mtoto mwenye uwezo akikataa, mzazi aweza kumshtaki.

Wanaosema hizo ni karatasi tupu wanakosea. Mtoto asiyemwogopa Mungu, afadhali amwogope hakimu.

Lakini tutazame kwetu. Mama mzee wa Kabambare, ambaye mwanawe amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila, atatembea siku ngapi hata amfikie hakimu? Nani atamwandikia barua? Tena akifika, atamshtaki yule yule anayetumaini kuzikwa naye? Mama hafanyi hivyo. Atakuambia amekula, nawe waona chungu kimefunikwa tangu jana. Pensheni nayo hutoka katika michango ya mshahara. Mkulima wetu wa mpunga hakukatwa mshahara, maana hakuwa nao. Na hakimu, hata akihukumu kwa haki, aweza kuamuru franka zilipwe. Kuketi kando ya kitanda usiku, mzee akikohoa, hilo haliamriwi.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Bwana Wetu, katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliwakemea watu waliomtolea Mungu mali yao wapate kisingizio cha kuwanyima wazazi. Nasi twapokea matoleo ya mavuno kwa furaha, wala hatumwulizi mtoaji: mama yako amekula?

Basi twataka kila shirika lijue wazee wake kwa majina, na nani amchotea nani maji. Mtoto akikataa, wakubwa wa shirika wamwendee mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu wampeleke mzee kwa hakimu, wakilipa wao gharama za njia, na mmoja wao aketi karibu naye siku ile ya kusikilizwa, asiwe peke yake mbele ya mwanawe.