Sinema Zisimhukumu Mwanamke na Kumwachia Anayemnyonya

Kuna uongo mmoja uliozoeleka mno hata ukapewa heshima ya hekima. Uongo huo unasema kwamba mwanamke mweusi anayejichubua ngozi, au anayeficha nywele zake chini ya nywele za kununua, hufanya hivyo kwa upumbavu wake mwenyewe: hajipendi, hajitambui, amejaa kasumba. Maneno hayo husemwa vijiweni, husemwa maofisini, na husemwa hata katika vyumba vya walimu. Lililo baya zaidi ni kwamba yameingia pia katika sinema, na yakiisha kuingia huko huvikwa joho la elimu na kupigiwa makofi.

Hapana anayekana kwamba kasumba ipo. Lakini kasumba haioti yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Kasumba hupandwa na kupaliliwa, na aliyeipanda huvuna. Kwa hiyo kila sinema inayodai kuchunguza uzuri, rangi na utu wa mwanamke mweusi haina budi ipimwe kwa swali moja tu: je, inamtaja mvunaji, au inamwanika mwanamke peke yake juani? Kwa kipimo hicho, nyingi katika zile zinazosifiwa duniani zitaonekana nyepesi, na chache zilizotengenezwa kwa fedha kidogo zitaonekana nzito.

Hollywood yenyewe ndiyo ya kwanza kufikishwa mbele ya kipimo hicho. Mwaka 1934 ilitolewa sinema iitwayo Imitation of Life, ambayo ndani yake msichana mwenye ngozi nyeupe anamkana mama yake mzazi, mwanamke mweusi, ili apate kupita katika dunia ya Wazungu kama mmoja wao. Msichana huyo aliigizwa na Fredi Washington, mwanamke mweusi wa Marekani ambaye kwa rangi yake angeweza kweli kujidai kuwa Mzungu. Alikataa katakata kuwakana watu wake, na mwaka 1937 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji weusi nchini humo. Malipo ya msimamo huo yalikuwa nini? Hollywood haikuwa na kazi ya maana ya kumpa. Alihesabiwa kuwa mweupe mno kuigiza mtumishi wa jikoni, na kanuni za makampuni ya sinema za miaka hiyo zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mtu mweusi na Mzungu, kwa hiyo hakuweza kuwa mpenzi wa shujaa yeyote wa Kizungu.

Ikafuata sinema ya Pinky mwaka 1949, iliyoongozwa na Elia Kazan. Nayo ni habari ya mwanamke mweusi anayeonekana kama Mzungu. Safari hii nafasi hiyo alipewa Jeanne Crain, Mzungu halisi. Imitation of Life ilipotengenezwa upya mwaka 1959, binti anayemkana mama yake aliigizwa na Susan Kohner, ambaye hakuwa na asili ya Kiafrika kabisa. Waigizaji wote hao wawili walipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Hapo ndipo unafiki unapojitokeza dhahiri shahiri. Kiwanda kilichowaliza watazamaji kwa kuwaonyesha kwamba ni dhambi kuukana weusi ndicho hicho kilichomkana mwanamke mweusi mlangoni, kikamnyima ujira wa kuigiza maisha yake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi na watazame ya mwaka 2016. Mwaka huo ilitoka sinema ya Nina, juu ya maisha ya Nina Simone, mwanamuziki mkubwa wa Marekani na mpigania haki za Weusi. Simone alikuwa mweusi wa kukolea, mwenye pua pana na midomo minene, na sura hiyo haikuwa jambo la pembeni katika maisha yake. Ni sehemu ya vita alivyopigana. Wenye fedha walimchagua Zoe Saldana, mwigizaji mwenye rangi ya maji ya kunde, wakampaka rangi imkoleze, wakambandika na pua ya bandia. Mwaka 2020 Saldana alijitokeza hadharani akaomba radhi. Lakini hapa ndipo desturi ile ile ilipojirudia: aliyelaumiwa na kuomba radhi mbele ya dunia alikuwa mwanamke, ilhali waliopiga hesabu kwamba jina lake litauza tikiti zaidi ya mwanamke mwenye sura ya Simone hawakubanwa kama yeye. Hata katika kosa la kumdharau mwanamke mweusi, anayetangulizwa mbele kupigwa mawe ni mwanamke.

Hata chombo chenyewe cha kupigia picha hakikuwa bila upande. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iligawa kwa mafundi wa kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi, na juu ya kadi hizo palikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo: picha ikimtoa yeye vizuri, basi ilihesabiwa kuwa nzuri. Matokeo yake, mtu mweusi alipopigwa picha pamoja na Mzungu mara nyingi alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Na kilichochangia kampuni hiyo kuboresha filamu zake hakikuwa kilio cha mama mweusi aliyeshindwa kuona sura ya mwanawe katika picha ya shule. Yalikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuonekana vizuri katika matangazo! Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Mwanamke aliyekua akitazama picha hizo, kisha akajiona mbaya, hakudanganywa na moyo wake. Alidanganywa na mtambo.

Zipo sinema zilizothubutu kuusogelea mlango wa mfanyabiashara. Mwaka 2009 mchekeshaji Chris Rock alitoa sinema ya kweli iitwayo Good Hair, juu ya nywele za wanawake weusi wa Marekani. Alionyesha jinsi dawa ya kulainishia nywele inavyoweza kulila kopo la aluminiamu hadi likaisha. Alisafiri mpaka India, akaonyesha waumini wakinyolewa hekaluni kwa ajili ya ibada, na nywele zao zikiingia katika biashara kubwa ya kuvuka bahari. Alionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya biashara hiyo haikuwa mikononi mwa Weusi wenyewe. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kuandika hati ya mashtaka. Lakini baada ya kubisha hodi, sinema ilikimbia. Ilirudi kwenye vinyozi, wanaume wakacheka juu ya gharama za nywele za wake zao, na mtazamaji akaondoka akimcheka mke badala ya kumchukia mnyonyaji.

Aliyefanya kazi nzito zaidi alikuwa mwanafunzi. Mwaka 2005 Kiri Davis, akiwa bado katika shule ya sekondari huko New York, alitengeneza sinema ya dakika saba tu iitwayo A Girl Like Me. Alirudia jaribio la wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark la miaka ya 1940, lililotajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni. Watoto 21 weusi waliwekewa wanasesere wawili, mmoja mweusi na mwingine mweupe. Watoto 15 walimchagua mweupe. Na mtoto mmoja, baada ya kusema kwamba mwanasesere mweusi ndiye mbaya, aliulizwa ni yupi anayefanana naye. Akasita, kisha akamsogeza yule mweusi.

Walimu hasa wanapaswa kulitafakari jambo hilo. Mtoto wa miaka minne au mitano hana mshahara wa kununulia krimu, wala hana mume wa kumvutia. Huwezi kumwita malaya, huwezi kumwita limbukeni. Ikiwa naye amekwisha kujifunza kwamba weusi ni ubaya, basi fundisho hilo halikutoka moyoni mwake. Limetoka nje yake, na kilichotoka nje kina mwenyewe.

Mwenyewe huyo alitajwa waziwazi na Mwafrika, na si jana. Mwaka 1966 Ousmane Sembène wa Senegal, aliyepata kuwa kuli katika bandari ya Marseille, alitoa sinema ya La Noire de..., iliyopata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa mwaka huo huo. Ni habari ya Diouana, msichana wa Dakar aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop. Bibi wa Kifaransa anamchagua katika kundi la wasichana wanaokaa kando ya barabara wakingoja kazi, kama mtu achaguavyo nazi sokoni. Anapelekwa Antibes akiamini kwamba atalea watoto. Huko anageuzwa mpishi, dobi na mfagiaji, amefungiwa ndani ya nyumba.

Diouana huvaa wigi, gauni zuri na viatu vya visigino virefu hata akipiga deki. Mtengenezaji mwingine angemcheka, au angemhubiria juu ya mila za mababu. Sembène hakufanya hivyo. Alionyesha kwamba gauni lilitoka kwa bibi huyo huyo, na kwamba bibi huyo huyo anaudhika kumwona mtumishi wake amependeza, akamwamuru avue viatu. Mgeni wa kiume mezani anambusu kwa nguvu kwa kuwa hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Katika nyumba hiyo Diouana si mzuri wala si mbaya; ni kitu cha kutumika. Anapojiua bafuni, bwana anakwenda Dakar na mshahara wa marehemu mkononi, na mama mzazi anaukataa. Sembène hakuuliza kama mwanamke mweusi ni mzuri. Aliuliza anamfanyia nani kazi, na kwa ujira gani. Ndiyo maana sinema yake bado inauma ilhali nyingine nyingi zimebaki kuwa uzuri wa mkakasi.

Somo hilo lina mizizi hapa nyumbani pia. Miaka miwili tu baada ya sinema hiyo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku mawigi, dawa za kujichubua, sketi fupi na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika ilikuwa njema. Lakini ni nani aliyekipata kipigo? Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, wasichana walishambuliwa hadharani Kariakoo na makundi ya vijana wa kiume. Mwenye kiwanda cha krimu, aliyekuwa ng'ambo akihesabu faida, hakuguswa hata ukucha. Kampeni inayomvamia mnunuzi na kumwacha muuzaji si vita vya ukombozi; ni uonevu uliovaa sare. Na krimu hazikwisha. Zaidi ya nusu karne baadaye mkorogo ungali ukiuzwa kwa siri na kwa dhahiri, ingawa sheria inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na ingawa inajulikana wazi kwamba zebaki huharibu figo.

Pengine ataulizwa mtu: je, hoja hii haimfanyi mwanamke kuwa gogo lisilo na akili wala uamuzi? La, hasha. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyepata Oscar mwaka huo kwa sinema ya 12 Years a Slave, alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe, na jinsi fikra zake zilivyobadilika alipomwona mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan Kusini, akisifiwa ulimwenguni. Akaisoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaacha baada ya kumwona Lupita. Huo ndio uamuzi wa mwanamke, nao ni wa kuheshimiwa. Lakini habari hiyo hiyo inathibitisha hoja: sura moja tu ikiwekwa mahali pa heshima huuzuia mkono usiingie mfukoni. Wenye biashara wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana nafasi ya kuweka sura huilinda kwa wivu mkubwa.

Kwa hiyo wanaohusika na elimu na utumishi wa umma wana kazi mbili. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi sinema ya aina hii asitosheke na machozi yao. Awaulize: ni nani aliyechagua sura hii, ni nani aliyelipwa, na ni nani aliyeuza kitu baada ya taa kuwashwa? Na ofisa anayeketi katika meza ya usaili ajiulize kama sura yenye mvuto anayoitafuta kwa kazi ya mapokezi haina rangi fulani kichwani mwake. Ikiwa inayo, basi amejiajiri bila malipo kuwa wakala wa mkorogo, na hana haki ya kumcheka msichana aliyejichubua jana ili leo apate kazi mezani pake. Sheria nayo imwandame anayeingiza sumu bandarini na mipakani kwa ukali ule ule ambao vijana wa mwaka 1968 waliutumia kwa wasichana wa Kariakoo.